UZI: Tumekataza siasa kwenye kundi la wavuvi wa ndoano, sasa hata mafunjo yamekuwa siasa

Ndoano ya Walukuba (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za Jumapili. Hii nimeiandika nikiwa na hasira, nikaifuta, nikanywa chai, nikaiandika upya. Mkiona bado inachoma, jueni hii ndiyo iliyopoa.

Mimi mtoto wa Walukuba, hapa Jinja. Babu alikuja na reli, baba akaajiriwa kiwandani, mimi nina kazi ya ofisini isiyo na la kusimulia. Raha yangu ni ndoano. Si uvuvi wa kuuza. Ni ule wa kuamka Jumamosi alfajiri na rodi yako, kopo la minyoo na roleksi mbili (chapati zilizoviringishiwa mayai) ndani ya gazeti, unakaa juu ya mwamba mpaka jua likuchubue shingo, na ukirudi na sato mmoja unampigia picha kama bwana harusi.

Kundi letu lina watu arobaini na kitu. Kuna mwalimu, mwanajeshi mstaafu, wenye maduka, dereva wa basi la Busia, Wahindi wawili wa Main Street. Tunaongea Kiswahili kwa sababu Msoga, Mjaluo, Mnubi, Mlugbara na Mganda hawana pengine pa kukutania bila mmoja kujiona mgeni. Kule WhatsApp sheria ya kwanza imebandikwa juu kabisa: SIASA MARUFUKU. Niliiunga mkono. Wakati wa uchaguzi wa 2021 nusura watu wazima watupane majini kwa ajili ya bereti nyekundu ya NUP, chama cha upinzani.

Sasa kisa. Wiki tatu zilizopita nilipita kwenye kinamasi tunapochimbia minyoo. Mahali sipataji. Nikakuta tipa zinamwaga kifusi, nikahesabu sita kabla sijamaliza soda moja. Mafunjo yamelazwa, mabua yamepasuka na yananuka ubichi, kama shamba la mahindi lililopitiwa na ng'ombe. Kwenye dimbwi lililobaki, pana kama kitanda cha mtu mmoja, watoto watatu walikuwa wanaokota kambare wadogo kwa mikono na kuwatia kwenye beseni la buluu. Kambare akikosa maji huwa hakati tamaa upesi. Wale walikuwa wanajinyonganyonga juu ya kifusi kikavu, wanaelekea mahali ambapo jana palikuwa na maji.

Nikapiga picha nne. Nikaziweka kundini na sentensi moja: "Jamani, hapa ndipo samaki wetu wanapozalia."

Zilikaa dakika kumi na moja. Admini akafuta. Sababu aliyoandika ni neno moja: "Siasa." Mwenye kifusi inasemekana ni mtu mzito wa chama cha basi, yaani NRM inayotawala, wale wa njano.

Ningenyamaza, ila nina kumbukumbu. Mwaka jana kiongozi mmoja wa mtaa, mtu wa mwavuli, nembo ya NUP, alifyeka miti ya ukingoni mwa mto ajenge baa. Picha za visiki zilikaa kundini siku tatu nzima. Admini huyuhuyu akaandika: "Na hawa ndio wanataka tuwape nchi?" Hiyo haikuwa siasa. Hiyo ilikuwa mazingira.

Kabla hamjanirukia kwamba naionea njano, nami nina doa langu. Siku zile tatu za visiki sikuandika hata herufi. Yule wa baa nilimpigia kura. Nilijiambia ni miti michache tu, na kwamba wakubwa wanakata misitu mizima, kwa nini tumkabe huyu mdogo? Nikaenda hadi kwenye ile baa, nikanywa.

Wakubwa wenyewe tunawakumbuka. Mwaka 2007 serikali ilitaka kuipa kampuni ya sukari hekta 7,100 za msitu wa Mabira, karibu robo ya msitu wote. Watu waligoma kununua sukari ya Lugazi, Kanisa na Buganda wakasema afadhali tutoe ardhi yetu nyingine, na ndani ya NRM kwenyewe wabunge walinung'unika waziwazi. Maandamano ya Aprili yakaharibika, watu wakafa, mmoja wao Mhindi aliyepigwa na umati. Hilo hatulisemi sana tunapojisifu kwamba tuliokoa miti. Aliyekuwa mbele kabisa ni mbunge wa upinzani, Beatrice Anywar, mpaka akaitwa Mama Mabira. Mwaka 2019 mama huyohuyo akateuliwa waziri mdogo wa mazingira kwenye serikali ileile.

Nilipoisikia habari hiyo nilikuwa nimeshika rodi. Mwenzangu wa kushoto akasema amenunuliwa. Wa kulia akasema sasa amefika penye kazi. Hakuna aliyeuliza kama Mabira itakuwa salama zaidi au kidogo. Mimi pia sikuuliza.

Swali langu kwenu, hasa mnaokwenda mtoni, mlimani, kutazama ndege: makundi yenu yanafanyaje?

---

Jogoo wa Bugembe

Siasa hizi. Mod, funga uzi.

---

Ndoano ya Walukuba

Asante kwa ushahidi, mkuu.

---

Kofia ya Njano

Mimi ni njano na sijifichi, jina linajieleza. Nivumilieni kidogo.

Mnaopenda ndoano mna usahaulifu wa ajabu. Kabla ya 2017 Ziwa Victoria lilikuwa limekwisha. Nyavu za matundu ya kidole, makokoro, sangara wa kiganja wanauzwa mafungu barabarani. Viwanda vya minofu vilifungwa kimoja baada ya kingine. Jeshi likaingia majini, kelele zikapigwa, na baada ya miaka michache samaki wakubwa wakarudi. Leo ukitoka na boti ukavuta sangara wa kilo ishirini, unamshukuru nani? Mnakula samaki wa Mzee Museveni huku mnamtukana Mzee.

Na bwawa la umeme la Bujagali. Ndiyo, maporomoko yamezama, hata mimi niliogelea pale nikiwa kijana. Lakini zile megawati 250 za tangu 2012 zinawasha hospitali. Mama anayejifungua saa nane usiku anataka balbu, hana haja na povu la maji. Wewe Ndoano, simu uliyopigia picha za kifusi uliichaji na nini?

Ya kinamasi siyatetei. Kifusi ni kifusi.

---

Binti wa Masese

Kofia ya Njano, kaka yangu, umesema nusu ya kweli, acha nikupe nusu nyingine.

Jeshi liliingia 2017, sawa. Na 2015, uchaguzi ukiwa mlangoni, nani alisimamisha zile BMU, kamati za wavuvi za kusimamia fukwe, zilizokuwa zinakamata nyavu mbovu ufukweni? Mzee huyohuyo. Wakati wa kura samaki mchanga ana marafiki wengi. Kura zikishahesabiwa ndipo sheria inaamka, na inaamka na fimbo. Si ziwani tu. Kabla ya kura za 2006 lilitoka agizo kwamba waliovamia misitu ya hifadhi wasifukuzwe. Hesabu mwenyewe miti iliyoanguka kati ya agizo na agizo.

Sasa nigeukie ninyi wa rodi, maana nimewasoma kimya muda mrefu. Kipimo cha boti kilipokazwa kuwa futi 28, boti ya baba yangu ilikuwa fupi. Hakungoja mtu aje. Aliivuta mwenyewe nchi kavu, akaipasua kwa shoka, siku mbili, bila kusema neno. Mama alipikia zile mbao karibu mwezi. Mbao za boti zina lami, moshi wake mweusi, ugali wote ulikuwa na harufu hiyo. Wiki hiyohiyo watu wa ndoano walikuwa Masese wanapongezana kwamba nyavu zimepungua, samaki watakuwa wakubwa. Kwenu ilikuwa habari ya mazingira. Kwetu ilikuwa jiko.

Halafu mnawaita wavuvi waharibifu. Sangara aliletwa na nani Ziwa Victoria? Miaka ya 1950 maofisa wa wakoloni walimtoa Ziwa Albert, na mojawapo ya sababu ilikuwa wazungu wapate samaki mkubwa wa kuvua kwa starehe. Akala nkejje, visamaki vidogo vya ziwani, mamia ya aina zikapotea zisirudi. Huyo ndiye babu yenu wa rodi. Hakuuliza mtu pia.

---

Ndoano ya Walukuba

Dada, hapo umenishika pabaya. Nilikuwa mmoja wa waliopongezana. Siku hiyo nilinunua chai Masese kwa mama mmoja mwenye banda la mabati mekundu; sijui kama ni ndugu yako.

---

Binti wa Masese

Ni shangazi. Alisema mnalipa vizuri lakini hamsalimii.

---

Jirani wa Kisumu

Ninyi angalau mnagombania maji mnayoyaona. Huku kuna siku gugumaji linafunika ghuba yote, mtu anaweza kudhani ni uwanja wa mpira. Na tuna wanasiasa wa rangi zote, wote wameahidi kuling'oa. Naendelea kusoma.

---

Mtazama Ndege

Mimi ni wa Entebbe, raha yangu darubini. Kwetu kuna heshima fulani ya uongo: mtu anaweza kukutajia ndege mia tatu alizoziona na asiweze kukutajia mwenye shamba aliloegeshea gari.

Twende kwenye kinamasi cha Mabamba. Mnaijua bulwe, yule korongo mwenye mdomo kama kiatu cha mbao. Zamani wavuvi wa pale walimwona ni nuksi. Ukikutana naye asubuhi siku yako imekwisha, kwa hiyo walikuwa wanamuua. Wageni walipoanza kuja kumtazama, wavuvi walewale wakawa waongozaji, na sasa ukimtupia bulwe jiwe utaogelea kurudi. Aliyebadilishwa pale hakuhutubiwa na chama. Alipata shilingi ya kupeleka nyumbani.

Ila shilingi hiyohiyo inaziba midomo. Mwongozaji wangu mmoja, kijana hodari, kila tukipita mahali fulani palipoanza kujazwa udongo anageuza uso na kuanza kunionyesha ndege wa upande wa pili. Mara ya tatu nikaelewa. Sikumuuliza, naye hakusema. Tulitazama mdiria wa kawaida kabisa kwa dakika kumi kama vile hatujawahi kuona mdiria.

Mara moja tu nimeona rangi zikichanganyika. Mwaka 2019, kampuni moja ya Afrika Kusini ilipoomba kibali cha umeme kwenye maporomoko ya Uhuru, kule Murchison. Watu wa utalii ninaowajua, wana kalenda za Mzee ukutani, walipaza sauti kuliko upinzani. Agosti waziri akatangaza kwamba baraza limekataa. Novemba ikasemwa upembuzi utaendelea tu. Nilimwona bosi mmoja wa magari ya utalii, njano mpaka soksi, anasoma habari hiyo kwenye simu. Akasema polepole, "Hawa watu wangu." Sijui alimaanisha lawama au unyonge. Maporomoko yako pale mpaka leo.

---

Kofia ya Njano

Soksi za njano umenilenga mimi? 😂

---

Mteremko wa Mbale

Nisiwacheleweshe. Mlima Elgon ulifanywa hifadhi ya taifa 1993 na mpaka wake haujawahi kutulia. Kila msimu wa kampeni wanakuja waheshimiwa, wa basi, wa mwavuli, wa kujitegemea, wote wanasimama juu ya pikapu na kusema: mkitupa kura mpaka utapandishwa juu. Watu wanapanda kabichi. Baada ya kura wanakuja askari wa wanyamapori. Mheshimiwa yuko Kampala.

Sisi wapanda mlima tunapita katikati. Tunaelekea kilele cha Wagagai, mita 4,321, na saa za mwanzo tunatembea kwenye kabichi zilizopo ndani ya hifadhi. Kijana wa kubeba mizigo anasema "hili la mjomba", tunacheka, tunapiga picha ya ukungu. Mwaka 2010 mlima ulianguka Bududa, vijiji vikafukiwa, na mimi nilikwenda kuchimba kwa jembe. Sina hamu ya kueleza.

Lakini upande wa mama yangu ni wa hukohuko juu. Bibi aliondolewa penye makaburi ya wazazi wake. Ukimwambia habari ya kuhifadhi msitu anakuuliza: kwani nani aliutunza kabla yenu? Kwa hiyo mimi nikikaa na wapanda mlima naonekana mtu wa wakulima, nikikaa kwa bibi naonekana mtu wa hifadhi. Sijapata chama cha kunifaa. Nilikuwa na kadi ya FDC, chama kingine cha upinzani, zamani, iko ndani ya Biblia.

---

Jogoo wa Bugembe

Sawa, nimerudi. Niliomba uzi ufungwe kwa sababu nimeshaona makundi matatu yakifa hivi. La mpira, la wazazi wa shule, la kwaya. La kwaya! Mtu anakwenda mtoni ili asisikie majina ya hawa watu japo kwa saa nne. Hiyo nayo ni haki.

Ila Ndoano, Katiba ya 1995, ibara ya 237, inasema maziwa, mito, ardhi oevu na misitu ya hifadhi serikali imeshikilia kwa niaba ya wananchi wote. Mdhamini tu. Ukiniuliza mimi, kusema mali yako inafukiwa ni malalamiko ya mwenye nyumba. Siasa ni nani apewe funguo. Kwa hiyo zile picha, kwa maoni yangu, hazikuvunja sheria ya kundi. Nimebadilisha kauli, msinicheke.

---

Ndoano ya Walukuba

Hatucheki. Lakini angalia maporomoko ya Kalagala, hapa kwenye Nile. Mwaka 2007 serikali ilikubaliana na Benki ya Dunia kwamba yale maporomoko yasiguswe kwa umeme, yawe fidia ya Bujagali. Mdhamini ametia saini. Halafu likaja bwawa la Isimba chini yake, megawati 183, likazinduliwa 2019, maji yakarudi nyuma na kumeza sehemu ya mawimbi tuliyoahidiwa. Siku ile wapiga kasia waliaga mawimbi kwa majina, kama watu. Sisi wa ndoano tulikaa ukingoni tunabishana kama kulilia maji ni kuipinga serikali. Tulibishana vizuri. Maji yalipofika kwenye mwamba wetu tukasogeza viti.

---

Mgeni_0417

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi ndiye admini.

Ndoano, sauti yako nimeitambua kwenye mstari wa pili, hizo roleksi mbili ni zako tu. Nitasema mara moja.

Sikufuta kwa ajili ya basi. Kadi ya basi ninayo, kama nusu ya mtaa, ilikuja na sukari kilo mbili. Nimefuta kwa sababu nyumba ninayokaa ni ya mwenye kifusi. Kodi niko nyuma miezi miwili. Msimamizi wake yumo kundini, wewe unamjua kwa jina lingine, ndiye yule anayevua na chambo bandia cha kijani na hakamati kitu. Picha zako zilipoingia simu yangu ililia kabla sijaziona. Hakunitishia. Alisema tu, "Mzee, umeona kundi lako?"

Zile za visiki niliziacha kwa sababu yule wa baa hanidai. Nikaandika na lile neno la kuwapa nchi ili msimamizi aone niko upande gani. Ndivyo ilivyokuwa. Mnaiita mapenzi ya chama. Ningekuwa na mapenzi hayo ningelala vizuri zaidi.

---

Kofia ya Njano

Mzee, pole. Sina la kubisha hapo.

Miezi miwili ni kiasi gani?

---

Mgeni_0417

Hilo si la hapa, kijana wangu. Lakini nimesikia.

---

Binti wa Masese

Naona sasa mnaanza kuongea kama watu wa kule kwetu ufukweni. Kule hatuulizi mtu ni wa chama gani. Tunauliza boti ni ya nani, injini ni ya nani, na nani anamdai nani mafuta. Ukijua hayo unajua atasema nini kwenye mkutano hata kabla hajasimama.

---

Ndoano ya Walukuba

Mzee admini, shikamoo. Nilikutukana kwa watu kumi hivi, nitapita kwa kila mmoja. Na picha sitazirudisha kundini bila ruhusa yako.

---

Mgeni_0417

Marahaba. Nimezirudisha mwenyewe saa tisa mchana. Nimeondoa ile inayoonyesha namba ya gari, hiyo niliogopa. Tatu zimebaki. Mpaka sasa watu wanne wametoka kundini, wawili njano, mmoja mwekundu, mmoja sijui. Chambo cha Kijani bado yumo, amezisoma, hajaandika kitu.

Jumamosi nakwenda kwenye mwamba kama kawaida. Anayekuja aje na minyoo yake, pale pa kuchimbia hakuna tena.

---

Binti wa Masese

Mimi nina swali moja, Ndoano. Wale watoto, kambare zao waliuza?

---

Ndoano ya Walukuba

Waliuza. Elfu mbili beseni zima. Nilinunua mimi, nikawamwaga mtoni. Mmoja wa watoto akanikimbilia kuniuliza kama beseni nalo nalitupa.